Hesabu za Kuanguka

Mume wangu ni fundi plasta. Ukimwona sasa na mkongojo wake utadhani alizaliwa nao, jinsi anavyoutumia kuwaonyesha watu ubovu wa kuta zao. Ukuta uliopinda humkera kuliko mguu wake.

Aliyeninyima usingizi ni binti yetu. Hesabu za fizikia za kupandisha mizigo alizipata zote: ndoo ikivutwa juu, imebeba nishati kiasi gani. Ndoo hiyohiyo ikianza kushuka, anaacha wazi. Mwalimu akaniita, akasema mtihani ujao akiziacha tena atamwondoa darasa la sayansi. Na mtoto anataka kuwa mhandisi tangu akiwa na mapengo. Nikimuuliza, anafunga daftari. Nilijua tu kwamba siku baba yake alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la mbao kazini, yeye ndiye aliyekuwa amempelekea chakula.

Jumamosi moja baba mtu akavuta kiti mezani.

"Andika, mama," akamwambia binti. "Fundi wa kilo sabini yuko juu mita tano. Ubao umefyatuka. Anafika chini na kasi gani?"

Nilitaka kumfokea. Binti alimtazama, kisha akaandika. Kilo sabini, mara kumi ya mvutano wa dunia, mara mita tano. Akaigeuza kuwa nishati ya mwendo, kilo zikafutana pande zote mbili, ikabaki mita kumi kwa sekunde.

"Kumbe kilo hazina kazi," mume wangu akasema, akinikonyeza. "Na wewe unavyonisema kwa kula."

Binti hakucheka. "Baba, mimi ndiye niliyekuita siku ile. Nisingekuita, usingegeuka…"

Kumbe ndicho alichokuwa amekibeba mwaka mzima, nami nalala chumba cha pili.

Mume wangu akaivuta karatasi, akapitisha kidole chake kigumu kwenye kila mstari.

"Hizi kilo zangu. Huu mvutano wa dunia. Huu urefu. Wewe uko wapi hapa?"

Mimi si msomi, lakini najua hesabu ile haikuuliza nani aliita. Mume wangu pia alijua.

"Ubao niliufunga mwenyewe, kwa uvivu," akaongeza taratibu. "Ungefyatuka tu, hata kama wewe ungekaa kimya."

Binti akalia mpaka karatasi ikalowa. Hakuna aliyemnyamazisha. Kisha akajifuta kwa mkono wa gauni na kugeuza ukurasa.

"Nipe nyingine, baba."

"Ya kupanda?"

"Ya kuanguka."