Nilimuiga rafiki yangu mbele ya wanawake wa Moshono, mkono ukagoma kupanda

Wakuu, shikamoo zenu nimezipokea zote, marahaba. Nadhani humu ndani nawazidi wote umri. Kama kuna babu ananizidi ajitokeze, tuongee vizuri.

Ninayosema ni ya kweli. Nikidanganya, haya meno manne yaliyobaki yang'oke.

Kalamu siijui. Shule niliiona kwa nje nikipita na ng'ombe. Mimi naongea, binti yangu Upendo anabonyeza simu. Akiongeza la kwake mtalijua tu, litakuwa halina chumvi.

Nakaa Moshono, hapa Arusha. Nina migomba yangu na ng'ombe mmoja mkorofi. Ila watu wananijua kwa kitu kingine: kuiga. Mchungaji, mwenyekiti wa mtaa, jogoo wa jirani, wote nawatoa kama walivyo.

Ndiyo maana Jumapili tukitoka ibadani, mnada nanadi mimi. Kwa msioujua: mtu analeta sadaka ya mkungu wa ndizi, au mayai, au kuku. Tunanadi pale nje ya kanisa. Anayetaka ananyoosha mkono juu. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kimeenda!

Sasa siku moja mwenyekiti akapita na kipaza sauti. "Ndugu wananchi, ee, serikali yenu sikivu, ee, imeleta ruzuku, ee, wanawake wote mfike ofisi ya kata, ee."

Wakuu, ruzuku tunayoijua sisi ni ya mbolea. Tulifika na viroba! Mimi nilibeba viwili, nina tamaa.

Kumbe serikali imetoa hela ya kufundisha watu kansa. Ya matiti na ya mlango wa kizazi. Kusikia hivyo wanawake wakakunja viroba vyao taratibu. Mmoja mmoja akaanza kukumbuka kwamba ameacha maharage jikoni.

Aliyeletwa kufundisha ni nesi mdogo anaitwa Glory, binti wa Kichaga, kasauti kembamba kama sindano. "Mama zangu wapendwa, early detection ni muhimu saaana, tuko pamoja?"

Hatukuwa pamoja. Siku ya pili viti vilikuwa vingi kuliko watu.

Mimi nikapata chakula cha mdomo. Kila asubuhi tukipeleka maziwa, namtoa. "Mama zangu wapendwa, tuko pamoja?" Watu wanacheka mpaka maziwa yanamwagika.

Siku moja nikaona wamenyamaza ghafla. Kugeuka, Glory yuko nyuma yangu.

Niliikumbatia ndoo yangu ya maziwa kama mtoto aliyefumaniwa na sukari mdomoni.

Hakugomba. Alisema, "Shikamoo bibi. Hii ruzuku ina masharti. Wanawake wasipokuja, mafunzo yanahamishiwa kata nyingine. Mimi hawanisikilizi. Wewe wanakusikiliza. Naomba unisaidie."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nikaona aibu, na mimi aibu hainijii mara kwa mara.

Basi akanifundisha nyumbani kwangu siku tatu namna ya kujikagua matiti, ugonjwa ugundulike mapema. Simama mbele ya kioo. Inua mkono. Papasa titi na vidole vilivyonyooka, zunguka, fika mpaka kwapani. Ukikuta uvimbe, au ngozi imevutwa, au chuchu imebadilika, nenda hospitali usingoje. Si kila uvimbe ni kansa, lakini wa kukuambia ni daktari, siyo jirani.

Hapa nisimame kidogo niwaambie habari za Nasieku.

Nasieku ni jirani yangu na rafiki yangu. Tuliolewa mwaka mmoja, uzio kwa uzio. Mimi mdomo, yeye sikio. Nikimuiga mtu, yeye ndiye wa kwanza kucheka, anacheka kimyakimya, mabega tu ndiyo yanatikisika.

Jumapili, baada ya mnada, nikasema wanawake wabaki, wanaume waende wakaangalie ng'ombe. Tukakaa kwenye nyasi. Wamejaa!

Nikaanza. "Leo nitawaonyesha kila mmoja wenu anavyoinua mkono." Nikamtoa mama mchungaji, anainua kidogo kama anabariki, anaogopa jasho. Nikamtoa mwalimu wa kwaya, anainua kana kwamba anakamata nzi. Glory mwenyewe alikuwa analia kwa kucheka. Na kila mmoja ninayemtoa, wote wanajipapasa juu ya nguo, wanajifunza bila kujua wanajifunza.

Halafu nikasema, "Na huyu ni Nasieku anajitwika mkungu wa ndizi."

Wakuu, kumuiga mtu hupangi. Mwili wenyewe unakumbuka macho yalichoona. Nikainama kama yeye, nikashika mkungu wa hewa, nikanyanyua.

Mkono wa kulia ukaishia begani. Ukagoma.

Watu wakacheka. Nikarudia. Ukagoma tena palepale. Halafu nikajikuta nageuka kuomba mtu anitwike, na ndipo nikakumbuka. Siku nyingi sasa Nasieku ananiita pale kwenye uzio, "Mama Upendo, hebu nitwike." Mwanamke aliyekuwa anajitwika mwenyewe maisha yake yote. Nilikuwa namtwika kila siku huku namtania kwamba amezeeka.

Nikamwangalia. Mabega yake hayakutikisika. Ameshika khanga hapa kwapani, machozi yanashuka.

Nikamalizia kwa jogoo ili watu wasimwangalie yeye. Nikamfuata nyuma ya kanisa, kwenye tenki la maji.

"Umenivua nguo mbele za watu," aliniambia.

"Tangu lini?"

"Tangu mahindi ya mwaka jana yakiwa mabichi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema ukienda watakukata, na kisu kikigusa ndiyo unakufa haraka. Afadhali akae na uvimbe wake ulivyo.

Nikaanza sauti ya Glory, "Mama yangu mpendwa..." Akanikatiza.

"Acha. Ongea na sauti yako."

Wakuu, niliitafuta. Miaka yote hiyo na mdomo wote huu, sikujua niliiweka wapi. Ilipotoka ilikuwa ndogo, mbaya, kama ya mtu mwenye mafua.

Nikasema, "Nasieku, usiniache."

Hilo tu. Kesho yake tulipanda gari na Glory kwenda hospitali, Nasieku katikati, sisi pembeni.

Ilikuwa kansa. Hospitali kubwa walimtoa titi, wakamtundikia madawa, nywele zikaondoka. Nikamwambia sasa unafanana na mume wako. Akacheka, mabega yale yakatikisika, mimi nikatoka nje kulia.

Aliporudi alipewa zoezi: atambaze vidole ukutani, mkono upande kidogo kidogo. Tulifanyia jikoni kwangu. Alipofika nachora alama ya mkaa. Shabaha yetu ilikuwa msumari ule wa juu ninaotundikia chekeche. Siku nyingine anapanda, siku nyingine anashuka, ananuna, tunakunywa chai.

Alama bado zipo. Upendo alitaka kupaka rangi, nikamwambia apake kaburi langu kwanza.

Juzi Jumapili nanadi trei ya mayai. Kimya. Mara naona mkono umepanda kule nyuma. Wa kulia. Umenyooka mpaka juu, umepita vichwa vya watu wote.

Nasieku. Na nyumbani ana kuku wa kutosha!

Sikusema mara ya kwanza, wala ya pili. Nilisema, "Kimeenda!" Watu wakalalamika sijafuata utaratibu. Walalamike.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu wako akibadilika, mwili wako unajua kabla ya kichwa. Usimalizie kwa utani kama mimi. Muulize, na umuulize kwa sauti yako.

Na kama humu kuna mtu wa serikali: ile ruzuku imekwisha, Glory amehamishwa, na kuna kata hazijafikiwa. Rudisheni. Safari hii sitabeba viroba.

Haya, nanyi leteni yenu. Nani alimwona mtu wake amebadilika akanyamaza? Andikeni, Upendo atanisomea. Nasieku naye yuko hapa kwenye kigoda, anasema mayai mawili yalikuwa viza.