Siku Bibi Alipolitetea Jua

Nilipokuwa mtoto, bibi yangu mzaa baba hakumruhusu mtu yeyote kulilalamikia jua mbele yake. Ukisema tu "jua kali jamani," alikukata jicho mpaka ukanyamaza. Kwa wazee wa kabila letu la Wairaqw Mungu ni mama, jina lake Looaa, na jua ni lake. Anayelitukana, bibi alituambia, ameutukana uso wa mama yake. Sisi wajukuu tulicheka chini chini, lakini jua hatukulisema.

Bibi alibatizwa akiwa mtu mzima na ibada hakukosa. Baba alikuwa mzee wa kanisa kijijini kwetu, huku milimani Mbulu. Imani zote mbili zililala nyumba moja, wala sikuwahi kuzisikia zikigombana.

Mwaka mmoja mvua ilikataa. Mahindi yalikauka yakiwa usawa wa magoti, ng'ombe wakabaki mifupa. Jumapili moja tukakusanyika kuomba mvua. Mchungaji, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, alihubiri kwamba jua lile lilikuwa fimbo, tunachapwa kwa sababu ya wazee wetu wanaoliabudu. Akaliita shetani wa Wambulu.

Bibi akasimama. Nilikuwa ubavuni pake.

"Mchungaji, nisamehe, mwanangu," alisema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Jua usitukane. Huyo ni mama. Mama yangu alimwomba, mvua ikaja. Huyo unamwita Baba, mimi naona ni Mama huyo huyo."

Kanisa zima likavuma. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Kufuru!" Mchungaji akafunga Biblia yake.

Wiki ile wazee wa kanisa walikaa kikao, baba akiwa mmoja wao. Wakaamua bibi aombe radhi mbele ya waumini wote, la sivyo atengwe. Baba ndiye aliyetumwa kumwambia. Nilikuwa jikoni nachochea moto walipoongea.

"Mama, sema tu umekosea. Ni maneno tu."

"Kama ni maneno tu, mbona yamewauma?"

"Wameumia, mama. Umemgusa Mungu wao."

"Na mchungaji amemgusa wangu. Mmemtuma nani amwambie aniombe radhi?"

Baba akainuka aondoke. Bibi akasema taratibu, "Nitanyamaza, mwanangu. Radhi siombi. Lakini nikishanyamaza, mtanitafuta."

Akanyamaza kweli. Kanisa likamtenga; majirani wakaacha kupita kwetu, na wanakwaya waliokuwa wakifanya mazoezi uani petu wakahamia kwingine. Hadithi za jioni zikaisha. Asubuhi alitoka nje, akalitazama jua likichomoza, midomo imefumbwa. Hilo ndilo liliniumiza zaidi: hata na Mama yake hakuongea tena.

Mvua ilikuja, imechelewa. Kanisani walishukuru kwamba kufuru imeondolewa.

Bibi alifariki kabla hatujavuna. Kwa kuwa hakutubu, kanisa lilikataa kumzika. Baba, aliyekuwa amesali kwenye makaburi ya nusu ya kijiji, alimzika mama yake shambani bila wimbo wowote. Udongo ulipokwisha kurudishwa, akapiga magoti, akasema kwa Kiiraqw, "Mama, sema basi. Sema chochote." Mimi, kwa akili za kitoto, nikatega sikio.

Leo mimi ni muuguzi mjini Katesh. Nafanya kazi na Waislamu na Wakristo, na kwenye simu zetu kila siku kuna aliyesema neno juu ya Mungu wa mwenzake, na wanaotaka afungwe mdomo. Sidharau maumivu yao. Neno la dharau juu ya Mungu wa mtu linachoma; bibi asingesimama kama lisingemchoma. Mchungaji yule naye simwoni mtu mbaya. Ila asubuhi ile Mungu wa watu wawili aliguswa, na aliyetakiwa kutubu alikuwa mmoja, yule asiyekuwa na mimbari.

Mpaka wa maneno uwekwe wapi, bado sijui. Kwetu uliwekwa mdomoni mwa kikongwe, na aliyetumwa kuuweka alikuwa mwanawe aliyempenda kuliko wote.