Kikapu cha Maharage Hadi Santiago

Taabu yangu ilianza mwaka 1972, nikiwa na miaka tisa, tulipokimbia Burundi kwa miguu. Shule niliishia darasa la pili. Mengine nimejifunza mwenyewe, kambini Tanzania na baadaye viwandani huku Seven Hills, kitongoji cha Sydney, na sikuzoea kumwomba mtu anisomee. Ndilo lililoniponza Chile.

Nilikwenda kwa sababu binti yangu Neema alijifungua. Kwetu wazazi wa mke hawaendi kumwona mtoto mikono mitupu. Wanapeleka kikapu cha maharage na unga wa mtama. Angekibeba mama yake, lakini tulimzika kambini. Tena miaka minne mimi na Neema hatukuwa tunasemezana. Alipotaka kuolewa na Rodrigo, Mchile, nilisema hapana kabla sijamwona hata uso. Wakaoana bila mimi, wakahamia kwao Rodrigo, Santiago. Kikapu kile ndicho kingenisemea.

Penrith, ninakoishi, alfajiri. Nilipanda treni hadi uwanja wa ndege, kikapu mapajani. Ukienda, ulizia viza mapema, na chukua adapta ya plagi, matundu yao ya umeme si kama yetu. Ndege inaondoka mchana na kufika asubuhi ya siku ile ile. Msiniulize vipi.

Ndani ya ndege nilipewa fomu ya kueleza kama umebeba vyakula au mbegu. Wengine wanaijaza kwa simu. Mama wa Kichile jirani yangu akasema, "Nikusaidie?"

"Macho ninayo."

Nikatia alama kwenye hapana, mstari kwa mstari. Kambini tulijua jibu moja: afisa akikuuliza una nini, huna kitu.

Santiago, saa tano asubuhi. Polisi watakupa kikaratasi kidogo. Kitunze, utadaiwa wakati wa kutoka. Mbele kidogo mbwa wa kunusa mizigo akaketi kando ya kikapu changu. Afisa akanionyesha sahihi yangu kwenye fomu, akamwaga maharage na unga kwenye pipa, akaniandikia faini. Kikapu akanirudishia.

Neema alikuwa nje, mtoto kifuani. Akatazama ndani ya kikapu.

"Wamemwaga," nikasema.

"Hukuandika ndiyo? Ukisema ukweli hawakutozi, Baba. Wanakagua tu, wakikataa wanachukua."

"Ningejuaje?"

"Ungeuliza. Hata Rodrigo hukumuuliza kitu. Hapana yako inatangulia siku zote."

Nikaitia karatasi ya faini mfukoni, nikamfuata.

Nyumbani kwa wakwe jifunze haya. Chakula kikubwa ni saa nane mchana. Kula vizuri, maana jioni ni chai, mkate na parachichi la kuponda. Karatasi ya chooni, nyumba nyingi, hutupwa kwenye ndoo. Wanawake wanakusalimu kwa kukubusu shavuni. Mimi nilifumba macho. Mama yake Rodrigo, Doña Marta, yaani Bi Marta, aliweka mezani sufuria ya maharage, akacheka, Neema akitafsiri: "Anasema maharage huku yamejaa, Don Zakaria, umeyavushia nini bahari?"

Yalikuwa matamu kuliko yangu. Iliniuma.

Mtoto nilimpakata. Neema alisimama karibu, mikono tayari, kama mtu aliyemwazima jirani chombo cha kioo. Wiki mbili aliniletea chai, aliniita Baba. Zaidi ya hapo, hakuna.

Siku ya kurudi, Doña Marta alijaza maharage kikapuni. Neema alikuwa amemwambia kuwa kwetu kikapu hakirudi kitupu. Kwenye ndege nilimgeukia msichana wa kando: "Binti, nisomee fomu hii." Nikatia alama kwenye ndiyo. Sydney maafisa wakayachukua vile vile, bila faini, na wakanishukuru.

Basi andika ndiyo. Na uliza, hata kama nywele zako ni nyeupe.

Leo nina nyumba ya matofali Penrith. Gari moja. Matuta ya maharage nyuma ya nyumba. Pasipoti. Kikapu kitupu ukutani. Na mjukuu mmoja Santiago, ambaye sijamlisha hata punje.