Nilivyolisha Mbwa ya Papa Anselme kwa Siri

Hii habari miye sipendi kuisimulia, na kama si mke wangu, ambaye anaianza kila tukipata wageni (tena anaisimulia vibaya, anaongeza mambo, anacheka kabla hajafika mahali pa kuchekesha), ningekuwa nimeizika zamani. Lakini kwa kuwa mutaisikia tu, afadhali muisikie kutoka kinywa changu. Miye Papa Sefu, fundi wa kushona, mutu wa musikiti, mutoto wa familia ya Kiislamu ambayo iko hapa Kisangani tangu mababu wa mababu, nilisimamishwa mbele ya avenue yetu yote nikaitwa mwizi, na mambo yote yalianzia kwa kichwa cha samaki.

Mujue kwanza tunavyoishi. Tuko upande wa Simi-Simi, na kati ya lupango yangu (yaani kiwanja) na ya Papa Anselme kuna ukuta wa matofali ambao marehemu baba yangu aliuanza na hakuna mutu aliyeumaliza, kwa hiyo ukisimama unamuona jirani mpaka kifuani. Papa Anselme ni muzee mupole, mutu wa maneno machache, mke wake alifariki, watoto wametawanyika, na kazi yake ni toleka, yaani baiskeli ya kubebea watu (na siku hizi nani anapanda toleka, watu wote wako kwenye pikipiki). Ana mbwa mumoja, alimutoa kambi ya Kapalata kwa askari aliyekuwa anahamishwa, na kwa sababu ya hiyo kambi akamuita Komando. Lakini mumuone huyo Komando. Ngozi na mifupa, masikio yamelala, anatembea akijishikiza kwenye ukuta.

Siku moja mke wangu alimaliza kukwangua samaki juu ya jiwe letu kule nyuma, akaingia jikoni, na Komando akapita mahali ukuta ulipobomoka, akaja kulamba lile jiwe. Samaki haikuwepo tena, hata magamba yalikuwa yamefagiwa, yeye alikuwa analamba jiwe tu, ule upande, halafu ule upande mwingine, taratibu. Bon, miye nilikuwa kwenye mashini yangu nashona, mguu ukasimama wenyewe. Nilisikia huruma, lakini niseme kweli, nilisikia pia hasira. Nikamuambia mke wangu, huyu muzee anafuga mnyama wa Mungu halafu hamupi chakula, atamujibu nini Mungu, na nikaendelea hivyo muda murefu kidogo, mpaka akaniambia basi nenda kamuambie yeye, usiniambie miye.

Sasa hapo ndipo nilipoharibu. Kumuambia jirani kwamba mbwa yake inakufa njaa ni maneno magumu, unaanzia wapi, utasema habari za asubuhi halafu useme hiyo? Nikaona nitafute njia rahisi. Kesho yake, Papa Anselme alipotoka tu na toleka yake, nikachukua kichwa cha samaki kilichobaki, nikachungulia barabarani, nikakitupa juu ya ukuta. Komando alikimeza bila kutafuna. Nikarudi kwenye mashini na moyo mweupe kabisa, najiona mutu mwema kuliko wote Simi-Simi.

Ikawa desturi. Papa Anselme anatoka, miye napima amefika mbali, nachungulia, natupa. Mara kichwa cha samaki, mara lituma iliyobaki jana (ndizi za kupondwa, Komando alizipenda sana), mara mufupa. Halafu nikaona kutupa ni kumudharau, nikatafuta sahani ya bati ya zamani, nikaifungia kwenye muti murefu ili nisiguse mbwa, maana sisi mate ya mbwa ni kazi ya kunawa na kunawa tena, na mke wangu alishaniapia kwamba kama mbwa ile italamba chombo chake hata kimoja, nitalala na mbwa. Kwa hiyo mungenipiga picha wakati ule mungeona mutu muzima mwenye kofia ya sala ameinama nyuma ya ukuta, anasukuma sahani na fimbo pale ukuta ulipobomoka, anaangalia kushoto na kulia. Wakati ule sikuwaza kabisa ninafanana na nani.

Komando akanenepa. Masikio yakasimama. Na kwa kuwa hakuwa mujinga, aliamua bwana wake ni nani. Akawa analala mlangoni pa kiwanda changu, juu ya vipande vya vitambaa ambavyo, sawa, nakubali, nilimutandikia miye mwenyewe. Ijumaa moja akanifuata musikitini. Nilimufukuza njiani kwa maneno, kwa jiwe la kumutisha, akawa anasimama mbali kidogo halafu anakuja tena, na nilipovua viatu akalala juu ya viatu vyangu, katikati ya viatu vya waumini wote, na hakukubali mutu yeyote avikaribie. Watu walimaliza sala wakakaa barazani pekupeku wananisubiri. Tonton yangu (mjomba), ambaye ni muzee wa pale, aliniuliza tu kama mbwa nayo imesilimu. Hapo ningeshika adabu, ningeenda kwa Papa Anselme kumuambia mambo yamekuwa hivi na hivi. Sikuenda. Niliona sasa imechelewa kuelezea.

Alors, asubuhi moja nikaamka nikasikia makelele. Natoka, Komando amelala mlangoni pangu kama kawaida yake, ameshiba, ananichezeshea mukia. Upande wa pili wa ukuta Papa Anselme amesimama mbele ya kibanda chake, kufuli imevunjwa, toleka haipo. Hakuwa analia wala kupiga kelele. Alikuwa ameshika kufuli tu. Makelele yalikuwa ya majirani, na swali lao lilikuwa moja, mbwa ilikuwa wapi?

Basi macho yao yakavuka ukuta mpaka kwangu. Wakaiona mbwa. Wakaona na kitanda chake cha vitambaa.

Mama Béa, yule anayekaanga mikate kwenye kona na ambaye kila kitu cha avenue kinapita mbele ya macho yake, akasema taratibu, bila ubaya, kwamba yeye ananiona kila asubuhi. Muzee akitoka tu, Papa Sefu anachungulia, halafu anamupa mbwa chakula. Alidhani tumepatana. Papa Anselme akasema hapana, hatujapatana kitu. Na hapo watu wakaangaliana, kwa sababu hapa kwetu hata mutoto anajua wezi wanavyofanya. Mwizi mwenye akili haji kwa nguvu. Anaanza kumuzoeza mbwa, leo mufupa, kesho mufupa, mpaka mbwa imuone kama ndugu.

Nilitaka kucheka. Nikaona hakuna mwingine anayetaka.

Wakamuita chef wa bloc, mukubwa wa mtaa wetu. Wakati tunamusubiri, Mama Béa akaingia kiwandani kwangu kwa heshima, akasema Papa Sefu, ile kikwembe yangu, nipatie tu nitashona siku nyingine. Nilikuwa nimeshaikata, mukono mumoja uko tayari na mwingine bado. Akaikunja hivyo hivyo. Nyuma yake akaja mwingine, halafu wale wa sare ya ndoa, mafurushi mazima. Mufahamu kwamba fundi hana duka, hana mali, ana jina tu. Watu wanamuachia kitambaa kizuri kuliko vyote nyumbani kwao na wanaenda kulala. Jina likiharibika, mashini inabaki chuma. Mke wangu alisimama pale anatazama vitambaa vinatoka mlangoni, anavihesabu kwa vidole.

Chef akafika, akakaa kwenye kiti changu miye mwenyewe, watu wakazunguka. Akaniuliza: "Papa Sefu, elezea watu. Mbwa haiko yako. Ulikuwa unaikulisha juu ya nini?"

Nikamuambia huruma. Watu wakaguna. Mutu mumoja nyuma akasema Mwislamu na mbwa, huruma imetoka wapi, na wakacheka, na miye damu ikapanda. Nikaona jina langu linaondoka pale pale, mchana kweupe, na nikaamua kulipigania. Nikasimama. Nikasema musinicheke, mukumbuke mbwa hii ilikuwa namna gani, nani kati yenu hakuona mbavu zake, nani hakuona anatembea akiegemea ukuta? Nikawasimulia jiwe la samaki, anavyolamba jiwe tupu, upande huu, upande huu. Nikamugeukia Mama Béa, nikamuuliza si ulimuona anaokota makombo ndani ya majivu ya moto wako? Akakubali. Nikamuuliza mwingine, akakubali. Nikaona watu wanaanza kutikisa kichwa kwa huruma, wananiamini, na nikazidi kusema, sauti ikapanda kama ya mahubiri, nikamaliza kwamba mbwa yule alikuwa anakufa njaa ndani ya lupango ya mutu na hakuna aliyejali isipokuwa miye.

Halafu Papa Anselme, ambaye tulikuwa tumemusahau pembeni na kufuli yake mukononi, akasema:

"Iko kweli. Papa Sefu haiko mwizi. Mbwa ilikuwa na njaa. Siku miye nakula, nayo inakula. Siku sikule, nayo haikule."

Chef akaangalia chini. Na miye, ndugu zangu, nilimuangalia muzee yule kama vile simujui, kwa sababu nilikumbuka kwamba alikuwa ameniletea suruali yake nimupunguzie kiuno. Halafu akairudisha, nimupunguzie tena. Niliipima kwa mikono hii. Nilimutania kwamba anataka kurudi ujana. Mbavu za mbwa niliziona kutoka upande wa pili wa ukuta, na mutu niliyemuzungushia futi kiunoni sikumuona.

Kesi ikaishia hapo, nimeshinda. Mchana ule ule vikwembe vikaanza kurudi, Mama Béa alinirudishia yake na mikate juu ya kuomba musamaha. Na jioni, sikieni, watu wa pirogi wanaovusha mto wakaleta habari kutoka Lubunga, ng'ambo, kwamba toleka ya Papa Anselme iko kule, waliitambua kwa kiti chake, na kijana aliyekuwa anaiuza wamemukamata. Donc kama ningenyamaza mpaka jioni, jina langu lingesafishika bila miye kufungua mudomo. Yale yote niliyoyasema mbele ya watu juu ya njaa ya nyumba ya jirani yangu hayakuwa na kazi yoyote.

Kuanzia hapo avenue ikaanza kumuhurumia Papa Anselme kwa sauti. Mutu akamuachia fuko la unga mlangoni, hakuligusa, kuku wakalitoboa. Watu wakawa wanamuita papa na ile sauti ya kuongea na mugonjwa. Akaanza kutoka na toleka yake mapema sana na kurudi wakati watu wameingia ndani, na ukutani akawa hasimami tena.

Nilivumilia siku kadhaa. Halafu nikamuomba mke wangu apike vizuri, akapika lituma na samaki mubichi, nikaibeba sahani ile (ya nyumbani, ya maua, si ya bati), nikatoka kwa barabara, mchana, watu wanaona, nikaenda kupiga hodi. Akafungua kidogo. Nikaanza maneno niliyokuwa nimeyatayarisha, akayaacha yaishe, akaangalia sahani.

"Ulilisha mbwa bila kuniuliza," akasema. "Leo unanilisha miye, nako hujaniuliza. Papa Sefu, mulango ulikuwa hapa hapa."

Akafunga, bila hasira.

Nikageuka na sahani yangu. Barabara yote inanitazama, Mama Béa ameacha mikate iungue. Na nilipofika karibu na kwangu nikasikia kucha nyuma yangu, nageuka, Komando, ametoka kwa bwana wake anafuata samaki. Nikasimama katikati ya barabara na aibu yangu na samaki yangu na mbwa ya mutu. Sikuwa na njia nyingine. Nikarudi, yeye nyuma, nikapiga hodi tena.

Akafungua. Akamuangalia mbwa, akaniangalia. Nikamuambia: "Papa, nimekuja kukurudishia mbwa. Na nilitaka kukuuliza unaamkaje. Ni hiyo tu."

Halafu akasema chakula, hapana, lakini kiti kiko. Nikaweka sahani nje, nikaingia, nikakaa. Ndani mulikuwa na viti viwili, na kimoja kilikuwa na vumbi nene la kitu ambacho hakijakaliwa na mutu tangu matanga ya mke wake. Nimeishi nyuma ya ule ukuta miaka hiyo yote, na vumbi lile nililifuta kwa suruali yangu siku ile.