Mzee Masanja Amekataa Kukaa

Jamani, leo nimemwangusha mtu kwa penseli.

Daktari wa mgodi hapa Geita alinipa saa na daftari, niandike kila kibarua anakaa muda gani na anatembea muda gani. Ni mambo ya afya tu!

Mzee Masanja, anayesukuma toroli la mawe, hakukaa tangu asubuhi. Na mguu wake umevimba.

"Shikamoo, baba. Pumzika kidogo."

"Marahaba. Ili uniandike mvivu, nifukuzwe?"

Nikamweleza. Hakuamini.

Saa sita akaanguka mbele yangu.

Nikamshika. Akaninong'oneza, "Mwanangu, andika nimesimama."

Nimeandika hivyo.

Kesho daktari atalisoma daftari, na hatajua kwamba mzee alianguka.

Ninyi mngeandikaje?