Baharia wa Maji ya Kiunoni

Msinicheke kabla sijamaliza. Miaka yangu yote melini niliishia jikoni, chini kabisa, nikimenya viazi mahali pasipo na hata dirisha. Lakini niliporudi nyumbani Babati, watu wa mtaani kwetu Bagara waliniita Baharia, nami nikaitika. Nilishawasikia wenzangu wakiwasimulia wanawake wa bandarini habari za mawimbi, nikaona jinsi macho yao yalivyolegea.

Nilitaka macho ya Mama Gloria yalegee hivyo. Ni mjane, anauza perege, na mtumbwini anapiga kasia mwenyewe. Nikamsimulia dhoruba zote nilizozisikia kupitia ukuta wa jiko.

"Basi twende tukatoe nyavu, Baharia," akaniambia juzi asubuhi.

Ziwa lilikuwa limelala chini ya ukungu. Mayungiyungi yalitupisha bila sauti. Halafu akaanza kugonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia, taratibu, ko, ko, akitazama upande wangu. Moyo wangu ukaitikia. Sikuwahi kumtamani mtu hivyo. Nikafumba macho, nikainuka, nikamwinamia.

Mtumbwi ukapinduka.

Nilipiga yowe, nikamwita mama yangu, nikamwita Mungu kwa Kiiraqw. Wavuvi ufukweni wakaacha kazi zao. Nilipofumbua macho, Mama Gloria alikuwa amesimama kando yangu, kitenge kinachuruzika maji.

"Nilikuwa nawagongea viboko wasogee," akasema kwa upole. "Sasa simama, Baharia. Maji ni ya kiunoni."