Siku Niliyofagia Foleni ya Maji Mwamkulu

Nitawasimulia, ila msinikatize kwa kucheka, kwa sababu wenzenu siku ile walicheka na wengine nusura walie, na wote walikuwa na haki. Mimi nimewahi kuifagia foleni. Sikuiruka wala sikuchomekea mbele. Niliifagia kabisa, kwa ufagio wa miti, nikisaidiwa na watoto ishirini na wawili wa chekechea.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka kwetu Nakuru bila mpango (shule niliacha darasa la sita, na tangu hapo miguu yangu haijatulia), nikapanda treni hii, nikashuka, nikapanda ile, mpaka reli ikaishia Mpanda na mimi nikaishia hapo. Kule Mwamkulu, nje kidogo ya mji, kanisa moja lilikuwa na chekechea yenye mwalimu mmoja tu, Mwalimu Tabu, nikamwomba nimsaidie kwa kujitolea, wao wanilishe tu. Hakuniuliza cheti. Aliniuliza kama nina hasira za haraka, nikasema sina, akanipa watoto.

Niseme ukweli, nilipapenda. Na mimi ni mtu wa kuuliza. Niliwauliza Wasukuma kwa nini ng'ombe huyu ana jina na yule hana, niliwauliza akina mama waliotoka Burundi wanapikaje maharage mpaka yanakuwa laini namna ile, nikauliza mpaka watu wakaanza kubadili njia wakiniona kwa mbali. Ndiyo maana jambo hili linaniuma: ni siku moja tu sikuuliza.

Mvua zilikuwa zimechelewa, jua kali. Mwalimu Tabu alikwenda mjini kufuata chaki, akaniachia darasa, na watoto walipochoka kuhesabu (na mimi nilikuwa nimechoka kabla yao) nikaamua twende tukafanye usafi kisimani. Kisima chenyewe kilikuwa shimo bondeni, maji yanajikusanya taratibu, kiangazi ukichota ndoo tatu unasubiri. Tulipofika hapakuwa na mtu. Palikuwa na takataka tu, kwa macho yangu: mawe yametapakaa kwenye njia ya kushukia, na katikati ya mawe kopo lililotoboka, kipande cha chungu, kandambili moja, gunzi la hindi limefungwa kitambaa. Nikasema moyoni, hawa watu wanaishije hivi?

Shija, binti wa miaka mitano aliyekuwa akilelewa na bibi yake, Mama Kabula, alinivuta suruali.

"Mwalimu, hilo jiwe la bibi."

Nikamwambia mawe yote ni ya Mungu. (Naomba mnisamehe hapo.)

Basi tukafagia. Makopo na kandambili na gunzi tukachoma moto. Mawe tukayapanga duara kuzunguka kisima, na kwa kuwa kulikuwa na ndoo ya chokaa iliyobaki kanisani walipopaka kuta, nikaagiza iletwe, tukayapaka mawe yote, yakawa meupe pee. Nikarudi nyuma hatua tano nikajipongeza.

Mchana akina mama wakaanza kurudi kutoka mashambani. Wa kwanza alikuwa jirani yetu, Mama Nyandwi. Alitazama kisima, akanitazama mimi, akatua ndoo yake polepole, akauliza kopo lake liko wapi. Nikamwonyesha moshi.

Hapo ndipo nilipoelezwa, tena na watu sita kwa pamoja. Ile ndiyo ilikuwa foleni. Wanaamka alfajiri, kila mmoja anaweka alama yake, jiwe au kopo au chochote anachokijua, halafu anakwenda kulima huku maji yakijikusanya. Mchana anarudi anakuta nafasi yake. Hakuna anayegusa alama ya mwenzake, hata mlevi haigusi.

Kisha akafika Mama Kabula. Binti yake Kabula alikuwa amejifungua juzi, na mzazi lazima akandwe kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na nyumbani kwao hakukuwa na maji hata ya kunawa. Jiwe lake lilikuwa la pili. Sasa alikuwa anatazama mawe kumi na tano meupe, yote yamefanana kama mayai.

"Huko kwenu mnafagia mpaka foleni?" mmoja akaniuliza.

"Mwacheni," mwingine akasema, "kesho atatupaka na sisi."

Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa na kisa kifupi. Lakini wakaanza kubishana, kila mmoja anasema alikuwa mbele, sauti zinapanda, na mimi nilikuwa na filimbi shingoni, nikaipuliza. Nikawaamuru wajipange kwa kimo, wafupi mbele, kama ninavyowapanga watoto. Mama Kabula alikuwa mrefu kuliko wote pale. Mama Nyandwi akanisogelea anitoe filimbi mdomoni, nikarudi nyuma bila kuangalia, kisigino kikagonga ndoo ya chokaa, na chokaa yote iliyobaki ikaingia kisimani.

Maji yalikuwa kama maziwa.

Mama Kabula akainama, akachungulia, akasema bila kumtazama mtu, "Sasa mwanangu namkanda na nini?"

Nikaazima baiskeli ya katekista, nikafunga madumu mawili, nikakimbilia bomba la mjini. Njia nzima nilikuwa namfikiria Shija. Niliambiwa, tena kwa Kiswahili chepesi, na mtu anayelijua lile jiwe kuliko mimi.

Nilirudi jua linazama, shati limelowa. Moshi ulikuwa tayari unatoka jikoni kwa Mama Kabula: Mama Nyandwi alikuwa amemimina mtungi wake wa maji ya kunywa, wote, akampelekea. Mama Kabula akanikuta mlangoni.

"Shikamoo, mama," nikaanza, na nilikuwa nimeandaa hotuba nzima.

"Marahaba. Maji nimepokea," akasema, akachukua madumu. "Maneno kaa nayo kwanza."

Siku mbili nilikausha kile kisima kwa ndoo, na kila nikidhani nimemaliza, akina mama waliokaa ukingoni wananiambia bado, mwalimu, bado meupe. Sikubisha.

Mtoto wa Kabula alipotolewa nje, majirani waliitwa kumwona. Mimi vigelegele nilivisikia nikiwa darasani. Baadaye Mwalimu Tabu akaniletea sahani ya wali na kuku, imefunikwa, akasema imetoka kwa Mama Kabula. Ujumbe hakuwa nao. Nikala peke yangu, na wali ule ulikuwa mtamu, na ulinishinda kumaliza.

Tangu hapo nimepita miji mingi. Nikifika mahali sigusi kitu, hata kiwe ganda la ndizi, mpaka niulize ni cha nani. Watu wananiona mjinga. Nawaacha wanione hivyo mapema, kabla sijawathibitishia.